Kwa Nini Mbweha Hakukimbia

Siku nilipokabidhi ufunguo wa kabati la chanjo, mmoja wenu aliniomba niandike kurasa chache za uzoefu wangu, ziwekwe kwenye faili ambalo wafanyakazi wapya hupewa asubuhi yao ya kwanza na kulisahau mchana wake. Nilikubali mara moja. Mtu akishastaafu, wiki ya kwanza hukubali kila kitu. Nikakaa mbele ya karatasi na kugundua kwamba vyeo vyangu havijazi hata mstari mmoja: nilipandishwa mara mbili, na moja ya hizo ilikuwa kosa la mpiga chapa. Kwa hiyo vyeo navipita. Nitaandika juu ya swali moja ambalo watu wa Goma wameniuliza miaka yote, kanisani, kwenye foleni ya maji, hata msibani: mbwa na mbweha wakipigana, nani anashinda?

Katika mji huu mzima, mimi ndiye niliyekuwa na sababu ndogo kuliko wote ya kukosea jibu la swali hilo. Nililisomea.

Kule Lubumbashi, nilipokuwa namaliza masomo ya udaktari wa mifugo, kazi yangu ya mwisho ilihusu taya. Nilipima mafuvu kumi na mawili ya mbwa wa mitaani na mawili ya mbweha, moja kati ya hayo mawili likiwa, nadhani sasa, la mbwa. Nilitumia kipimo cha chuma chenye meno mawili kama ya kaa, nikachora majedwali, nikahitimisha kwamba ukiwapa uzito sawa, mnyama wa porini atamshinda wa nyumbani bila shida. Walimu walinipa alama nzuri. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona mbwa na mbweha wakipigana, kwa hiyo hawakuwa na la kunipinga. Mimi pia sikuwa nimewahi kuona.

Nikaja Goma, mtaa wa Katindo, na kipimo changu mfukoni. Ofisi yetu wakati ule ilikuwa vyumba viwili vya mawe ya volkano na kijibanda cha nyuma, jirani na kambi ya wanajeshi, kiasi kwamba tarumbeta yao ndiyo iliyotuambia saa ya kufungua. Mlangoni nilipokewa na Mama Zaina, muuguzi wa wanyama. Babu yake alitoka Maniema kufanya biashara ya vitambaa Birere, mtaa wa maduka, na familia ikabaki. Alivaa koti jeupe juu ya kitenge na mtandio kichwani. Hakuwa na digrii, ila alikuwa akidunga ng'ombe sindano tangu mimi niko shule ya msingi.

"Karibu, Dokta," alisema. "Kwanza uniambie. Imbwa na mbweha bakipigana, nani anashinda?"

Sikuamini bahati yangu. Nilimweleza mpaka chai ikapoa. Nikatoa kipimo, nikamwonyesha jinsi jino la mbweha lilivyo jembamba na refu, jinsi shingo ya mbwa ilivyo nene, jinsi nguvu inavyogawanyika kwenye taya. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Sawa," akasema. "Sasa ushike huyu mubuzi."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Yule mbuzi alinipiga pembe kwenye paja, na mpaka leo baridi ikishuka kutoka milimani, paja hilo hujua kabla ya mtu yeyote.

Mama Zaina alikuwa na mazoea mawili yaliyonichekesha. La kwanza, mfukoni mwa koti alibeba kipande cha sabuni ndani ya mfuko wa plastiki, kama wengine wanavyobeba simu. La pili, kila alipoguswa na mate ya mbwa alikwenda bombani, ambako aliweka kopo la udongo safi, akanawa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, kama dini yake inavyomfundisha. Kisha akanawa tena kwa sabuni. Alihesabu kwa sauti ndogo. Mimi, mtoto wa katekista kutoka milima ya Masisi, nilijiambia kwamba dini ya mtu iheshimiwe, lakini kuna watu wanangoja kwenye benchi.

"Mama, umefika sita ao saba?" nilimtania siku moja.

"Ukinipotezea hesabu naanza upya," alisema bila kugeuka. "Na ule fahali wa inje utamushika weye peke yako."

Sikumtania tena wiki hiyo.

Miaka miwili ya mwanzo ilinifundisha mengi ambayo mafuvu hayakunifundisha, kwa sababu mafuvu hayana tabia. Niliona mbwa wengi waliopigana. Mbwa akipigana na mbwa mwenzake, nusu ya vita ni maneno: wanabweka, wanasimamisha manyoya, wanang'atana masikio na miguu ya mbele, halafu mmoja anakumbuka kwamba ana shughuli nyumbani. Majeraha yake yanatapakaa ovyo, mengi lakini ya juujuu. Mbweha haumi hivyo. Anauma mara moja, anaruka pembeni, anaangalia. Ni mwepesi, uzito wake hauzidi nusu ya uzito wa mbwa mzuri wa wafugaji, na anajua hivyo kuliko mimi nilivyojua.

Mbwa mwitu wale wa madoa, wanaowinda kwa kundi, sijawahi kumtibu hata mmoja. Nilikutana na wazee wa Rutshuru waliodai kuwaona utotoni, na kila mzee aliwaongezea urefu kidogo. Walichokubaliana wote ni kwamba hao hawapigani. Wanafanya kazi. Mmoja anashika pua, mwingine mkia, na mambo yanakwisha. Ukimweka mbwa wa nyumbani katikati yao, hakuna cha kulinganisha.

Lakini mmoja kwa mmoja, jibu langu lilibaki lile la Lubumbashi, na watu walilipenda. Wafanyabiashara wa Birere walinisimamisha niamue mabishano yao. Wakaniita Dokta Mataya. Nilijibu kwa urefu. Kama mngenikuta barabarani enzi hizo, mngevuka upande wa pili.

Mwaka wangu wa tatu, Jumatatu moja, Mama Zaina alikuwa Birere kwenye matanga ya shangazi yake. Niliachwa peke yangu na ofisi, jambo ambalo nililifurahia mno. Saa nne hivi akaingia mfugaji mrefu, kofia mkononi, na mbwa wa rangi ya majani makavu amefungwa kamba. Aliitwa Papa Bahati, kutoka milima iliyo juu ya Sake. Mbwa alikuwa amechanika mdomo na sikio.

"Koloneli, kaa chini!" alimwamuru mbwa.

Nje ya dirisha, mwanajeshi aliyekuwa akipita aligeuka. Papa Bahati aliinamisha kichwa, na kuanzia hapo, kila alipokuwa Katindo, alimwita mbwa wake "weye".

"Dokta," alisema kwa sauti ya chini, "huyu imbwa yangu amepiga mbweha."

"Amempiga vipi?"

"Kupiga kabisa! Ni jana. Mbweha ilikuya mu malisho, muchana, batu wote banaona. Ikaingia katikati ya bangombe. Huyu akairukia. Ata haikuogopa, Dokta! Ilisimama. Bakapigana, bakapigana, mupaka akaiua."

Someni tena maneno yake, wenzangu. Kila mlichohitaji kujua kimo humo ndani. Mbweha alikuja mchana. Aliingia kati ya ng'ombe na watu. Hakuogopa. Papa Bahati alinipa ugonjwa wote mkononi kama mtu anayekupa kikombe cha chai, nami nikasikia jambo moja tu: kwamba kazi yangu ya mwisho ya chuo ilikuwa imepingwa na mbwa.

Iliniuma. Nilitaka kujua ni taya gani hilo. Nikatoa kipimo changu, nikamwambia Papa Bahati ashike kichwa, naye akakishika kwa mikono miwili, mmoja ukiwa na mkwaruzo mbichi wa waya wa miiba. Mate ya mbwa yakamtiririkia hadi kwenye kiganja. Mimi nikaingiza vidole mdomoni bila glavu, kwa sababu glavu zinaharibu vipimo. Nikapima mara tatu. Halafu nikashona ule mdomo vizuri kabisa, na sindano ya kushonea ikanichoma kidole cha shahada. Nilijipangusa kwenye koti.

Kwenye daftari la wagonjwa niliandika: "Mbwa dume, anaitwa Koloneli. Jeraha la mdomo na sikio. Amepigana na mbweha. AMESHINDA." Neno la mwisho nililipigia mstari. Daftari lipo bado, kabati la chini, mkitaka kucheka.

Alhamisi Mama Zaina alirudi. Alikuwa na desturi ya kusoma daftari akiwa bado amesimama, kabla hata ya kuvua viatu vya njiani. Nilimwona akifika kwenye mstari wangu. Nikatabasamu, nikingoja mazungumzo marefu.

"Dokta," aliuliza, "kwa nini haikukimbia?"

"Nani, mama?"

"Mbweha."

"Labda alikuwa mkali."

"Mukali." Aliweka daftari chini. "Tangu ufike hapa, umesikia mbweha ngapi zinasimama mbele ya imbwa mukubwa, muchana, batu banaangalia?"

Nilihesabu kimoyomoyo. Sikupata hata mmoja. Mnyama wa porini hana bima. Taya lake likivunjika, hakuna wa kumpikia uji wala wa kumshona. Atakufa njaa akiwa mshindi. Kwa hiyo anakimbia, na anakimbia mapema. Mbwa ana ujasiri kwa sababu ana mwenyewe. Mbweha anayesahau kukimbia, kuna kitu kimeshika akili yake, na mara nyingi kitu hicho ni kichaa cha mbwa.

"Imbwa ilikuwa na chanjo?"

"Sikuuliza."

"Ulinawa mikono?"

"Nilijipangusa."

"Na ukashona kidonda cha meno." Hilo hakuliuliza: kidonda cha namna hiyo huoshwa sana kwanza, hakiharakishwi kushonwa. "Na mwenye imbwa?"

Nikamweleza juu ya kiganja na waya wa miiba. Hakupaza sauti. Alitoa sabuni mfukoni, akaiweka mezani mbele yangu. Nilikwenda bombani nikanawa kidole kile mpaka ngozi ikajikunja. Nilifika saba, nikaendelea.

"Mimi nilidhani ni dini," nilimwambia niliporudi.

"Ni dini," alisema. "Na iko dawa pia. Weye ungechukua ata moja."

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna daktari wa kumrudisha. Kabla ya dalili, sindano zinamwokoa. Kati ya hayo mawili kulikuwa na mfugaji mmoja ambaye hakuwa na simu, na ambaye aliniambia, wakati nikipima, kwamba angelala kwa shemeji yake kule Mugunga mpaka Ijumaa, kisha apande milimani. Huko juu hakuna sindano. Tulichukua moto, yaani pikipiki ya abiria, Mama Zaina katikati, mimi nyuma nimekumbatia kreti ya kumbebea mbwa, goti langu likigusa kila gari lililotupita kwenye barabara ya Sake.

Mugunga nilifanya kosa langu la pili. Nilishuka na kuanza kuuliza watu, kwa sauti ya mtu wa serikali: "Tunamtafuta Koloneli. Mmemwona Koloneli?"

Mtaa ulifungwa kama kitabu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mkaa alifunika mkaa wake akaingia ndani. Mwanamume aliyekuwa akinyolewa aliondoka na nusu ya nywele.

"Hatumujui," alisema kinyozi. "Hapa koloneli hayuko. Ata hakupita."

Mama Zaina alinisogeza pembeni kwa kiwiko. "Papa," alimwambia kinyozi, "tunatafuta ile imbwa iliyoua mbweha."

"Aaa! Imbwa ya Papa Bahati!" Mikono kama kumi ilielekeza upande mmoja. Kila mtu alikuwa ameshasikia hadithi, na katika hadithi zao mbweha alikuwa amefika ukubwa wa ndama.

Tulimkuta nyuma ya nyumba ya mbao, anafunga mizigo, Koloneli amelala miguuni pake na nyuzi zangu mdomoni. Mama Zaina alimweleza bila kumficha kitu. Papa Bahati alimsikiliza, kisha akavuta kamba ya mbwa karibu.

"Ameokoa bangombe yangu," alisema. "Ameshinda. Sasa munakuya kumukamata kama mwizi?"

"Tunamufungia pale ofisini, papa. Akibaki muzima, utamuchukua. Lakini weye leo hii unaenda kupigwa sindano."

"Mimi? Mimi siko mugonjwa. Na sindano sitaki. Mutoto wa ndugu yangu walimupiga sindano akavimba."

"Papa, unashika fahali kwa pembe."

"Fahali haina sindano, mama."

Walibishana hivyo muda mrefu, na Mama Zaina, ambaye sikuwahi kumwona akishindwa, alianza kushindwa. Papa Bahati akarudi kufunga mzigo. Halafu akanigeukia mimi.

"Dokta. Jumatatu uliniambia imbwa yangu iko sawa. Ulimupima ata meno. Leo unasema nitakufa. Nisadiki siku gani?"

Nilikuwa na majibu mengi ya Kifaransa kwa swali hilo. Nikamwonyesha kidole changu.

"Jumatatu nilikosea, papa. Nilifurahia vita, sikuuliza kwa nini mbweha hakukimbia. Na mimi mate yale yameniingia. Tuko sawa, wewe na mimi. Nakwenda kudungwa sasa hivi. Sitaki kwenda peke yangu."

Alikishika kidole changu, akakigeuza. "Weye njo utaanza?"

"Mimi nitaanza."

"Na nitaona inaingia kabisa?"

"Utaona."

Akafungua mzigo. Nafikiri hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza yenye manufaa niliyosema tangu nipate digrii.

Kituo cha kwanza cha afya hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa nayo. Nilianza mimi, kama nilivyoahidi, naye alisogeza uso karibu kabisa na bega langu kuhakikisha. Zamu yake ilipofika aliangalia ukutani na kunikamata mkono. Huo ndio mkono unaoangusha fahali. Sindano yangu sikuihisi, vidole vyangu navihisi mpaka leo. Mara zote tano tulikaa kwenye benchi lile lile, na kila mara aliuliza wauguzi kwa sauti ya kusikika kama wanapunguza bei kidogo kwa mtu aliyeletwa hapo na makosa ya daktari.

Koloneli tulimfungia kwenye kile kijibanda cha mawe nyuma ya ofisi. Wiki mbili alikula vizuri, akawabwekea wanajeshi bila kujali cheo. Wiki ya tatu aliacha kula. Kisha sauti yake ikabadilika. Papa Bahati alikuja kwa ajili ya sindano yake, akasimama nje ya mlango wa kijibanda, akamwita kwa jina lake kamili, kwa sauti kubwa, pale pale Katindo. Mbwa hakugeuka. Alikuwa akiuma jiwe.

Mama Zaina ndiye aliyemlaza usingizi wa mwisho, kwa fimbo ya kitanzi na sindano moja, akiwa na glavu mbilimbili. Papa Bahati alibaki nje mpaka mwisho. Baadaye alikuja bombani, ambako mimi na mama tulikuwa tunanawa, akachukua sabuni bila kuambiwa.

"Donc, kumbe ingekuwa mimi," alisema.

"Ingekuwa sisi," nilimjibu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza nani anashinda, namwuliza kwanza yule wa porini alifanya nini. Kama alikimbia, hadithi ni nzuri na tunaweza kuicheka. Kama alisimama, naomba niletewe kila aliyemgusa mbwa, na ninafungua bomba. Kipimo changu kipo. Mlango wa ofisi ukipulizwa na upepo, ndicho kinachouzuia.

Mlikuwapo kwenye sherehe yangu ya kuagwa, lakini wengi wenu mlikuwa ndani mnapanga soda, kwa hiyo hamkuona yaliyotokea uani. Mama Zaina alikuja, na fimbo yake ya kutembelea, akakalishwa karibu na bomba. Papa Bahati alishuka kutoka milimani na jibini zima la Masisi kwenye kikapu, na mbwa mchanga mweusi kwenye kamba.

"Nimekuletea kazi ya mwisho," alisema. "Huyu hana chanjo."

Nilichukua chanjo kwenye kreti ya barafu. "Anaitwaje?" nilimwuliza, nikiwa na kalamu juu ya cheti.

"Dokta."

Mama Zaina alianza kutikisika mabega kwa kicheko.

"Papa Bahati, kwa nini Dokta?"

"Ni imbwa ya akili sana," alisema, uso mkavu kabisa. "Ikiona mbweha, inakimbia mubio kuniita."

Niliandika jina hilo kwenye cheti kwa herufi kubwa. Nikamdunga wajina wangu begani, naye akanilamba kiganja kizima, kwa moyo, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nikaenda bombani. Sabuni ilikuwa kwenye mfuko uliotundikwa msumarini, pale pale nilipowaachia na ninyi. Mama Zaina akaanza kunihesabia kwa sauti, taratibu, moja, mbili, tatu, huku Papa Bahati akikata jibini na kusema litaharibika tukichelewa.

"Mama," nilimwuliza, "ni sita ao ni saba?"

"Umenipotezea hesabu," alisema. "Anza upya."

Nikaanza upya.